SILAHA NI AMANA: UZEMBE TUSIUITE KADARI
(Mada iliyowasilishwa mbele ya waumini, Kisaki, Morogoro)



Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyeiumba nafsi ya mwanaadamu na kuifanya kuwa tukufu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Wazee wetu, mama zetu na vijana wetu, katika mimbari zetu tumezungumza sana juu ya ulevi, riba, ushirikina na talaka za ovyo. Leo tumeona tuzungumzie chombo ambacho kimetundikwa nyuma ya mlango katika baadhi ya nyumba zetu, na ambacho hatukitaji mpaka siku kinapotoa roho ya mtu. Chombo hicho ni bunduki.

Sisi wa Kisaki tunapakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambayo hadi mwaka 2019 ilikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Mkulima wa mpunga na mahindi hapa analima mchana na kulinda usiku. Tembo, nguruwe pori na nyani hawamsubiri avune. Kwa hiyo mtu hulala dunguni, na wapo wanaolala na gobore ubavuni. Hatukuja hapa kumhimiza mtu yeyote kumiliki silaha, wala hatukuja kumlaumu mwenye kulinda jasho lake kwa njia ya halali. Tumekuja kuuliza: mwenye kuishika, anaishika vipi?

BUNDUKI SI MGENI KISAKI

Ardhi hii inaijua risasi. Mwezi Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wapanda farasi wa Afrika Kusini waliokuwa upande wa Waingereza walipambana hapa Kisaki na majeshi ya Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho, kusini yetu, aliuawa kwa risasi Frederick Selous, mwindaji aliyesifika duniani, ambaye jina lake likapewa pori lile. Mtu aliyeishi kwa bunduki kwa miaka mingi alitolewa duniani na bunduki. Ustadi wa kulenga haumpi mtu kinga dhidi ya risasi.

Wala hirizi haimpi. Mwaka 1905 wazee wetu wa kusini walipoanza Vita vya Maji Maji waliambiwa kuwa dawa itageuza risasi kuwa maji. Maelfu walikufa. Hata hivyo, hadi leo yupo mwindaji anayefunga kago kiunoni kisha akajiona hana haja ya tahadhari. Huo ni msiba juu ya msiba: ameiharibu itikadi yake na ameihatarisha nafsi yake.

MAKOSA TUNAYOYAONA

La kwanza ni kuliacha gobore likiwa limeshindiliwa. Kila mwenye gobore anajua kuwa silaha hii hujazwa kwa mdomoni: baruti, kisha kizibo, kisha gololi, vyote vikashindiliwa kwa mdeki, na fataki ikawekwa chini ya nyundo. Likishajazwa, kulitoa ni kazi. Njia nyepesi ni kulifyatua. Kwa kuwa baruti ni ghali, mtu halifyatui. Analirudisha nyumbani asubuhi likiwa na mauti tumboni, analitundika ukutani, na mtoto wa miaka saba anaona fimbo nzuri ya kuchezea.

La pili ni kukadiria baruti kwa jicho. Mtu akisahau kuwa ameshalijaza, hulijaza mara ya pili. Mtutu uliotengenezwa kwa bomba la maji haukuumbwa kuhimili nguvu hiyo. Hupasuka usoni mwa mwenye kuushika, na waliopoteza vidole au jicho kwa sababu hiyo si hadithi ya kutunga.

La tatu ni kufyatua kwa kusikia badala ya kuona. Kichaka kimetikisika, giza limetanda, moyo unakwenda mbio, na mtu anasema moyoni: ni nguruwe. Kumbe ni jirani aliyekuja kuangalia shamba lake.

La nne ni mzaha. Kijana anamwelekezea mwenzake mtutu huku akicheka. Akikemewa, anajibu: haina kitu hii.

Makosa haya si ya vijijini peke yake. Tumewahi kuwaona watu katika viwanja vya kulengea shabaha, watu wenye elimu na silaha za gharama, wakifanya yale yale. Mmoja amemaliza kulenga, anaitwa na rafiki yake, anageuka mwili mzima na mtutu unageuka naye, ukipita vifuani mwa safu nzima ya watu. Mwingine anatembea akiwa ameweka kidole kwenye triga. Wa tatu anakwenda mbele kutazama alama zake ilhali walio nyuma yake bado wameshika silaha. Wa nne anapiga picha na bastola ikimwelekea mpiga picha. Yote haya hufanyika kwa vicheko, kwa sababu jana yalifanyika na hakufa mtu.

ALIYOTUFUNDISHA MTUME (S.A.W.)

Wakufunzi wa silaha duniani wana kanuni nne mashuhuri, zilizoenezwa katika karne iliyopita na Mmarekani mmoja, Jeff Cooper, aliyekuwa afisa wa jeshi. Kila bunduki ihesabiwe kuwa imejazwa. Usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiangamiza. Usiweke kidole kwenye triga mpaka umeshalenga. Ujue unachokilenga na kilichoko nyuma yake. Ni kanuni nzuri, na ni wajibu wetu kuzifuata. Lakini Muislamu anapozisoma anatambua kuwa misingi yake ameshafundishwa.

Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, na akaeleza sababu: hajui, huenda shetani akaiponyosha mkononi mwake, naye akatumbukia katika shimo la moto. Tuizingatie sababu hii. Hakumtaja mtu mwenye nia mbaya. Amemtaja mtu asiyejua. Basi neno la kijana wetu kwamba haina kitu halina uzito, kwani katazo limejengwa juu ya kutojua kwake.

Katika riwaya nyingine ya Muslim, Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa mwenye kumwelekezea nduguye chuma hulaaniwa na Malaika mpaka atakapokiweka chini, hata kama huyo ni ndugu yake wa baba na mama. Ndugu wa tumbo moja kwa kawaida huelekezeana silaha kwa mzaha tu. Hata mzaha huo haukusamehewa.

Kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) tumepokea amri kwamba mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi mtu. Na kwa Jabir (r.a.), katika Abu Daud na Tirmidhi, limekuja katazo la kupeana upanga uliochomolewa alani. Ikiwa upanga ulio wazi haupokezanwi mkono kwa mkono, vipi bunduki iliyojazwa?

Na kuhusu kuhakikisha unachokilenga, Allah (s.w.) katika Surat an-Nisaa, aya ya 94, amewaamuru waumini walio safarini katika njia Yake wabainishe kabla ya kumhukumu mtu. Ikiwa vitani mtu anaamrishwa kuhakikisha, vipi mwenye kulinda mahindi?

RISASI HAIMCHAGUI MTU

Tusidhani kwamba madhara huishia kwa mwenye kushika. Risasi ya bunduki kubwa huweza kusafiri kilomita kadhaa. Tarehe 16 Februari 2018, Kinondoni, Dar es Salaam, siku ambayo askari walifyatua risasi kuwatawanya wafuasi wa chama cha siasa, binti mmoja mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala. Hakuwemo katika maandamano. Alikuwa abiria.

Novemba 2017, katika shule ya msingi ya Kihinga, wilayani Ngara, wanafunzi watano walipoteza maisha na makumi wakajeruhiwa baada ya bomu la mkono kulipuka. Lilikuwa limeokotwa na mtoto aliyelidhania kuwa chuma chakavu. Yupo mtu mzima aliyeiacha silaha ile ardhini akaenda zake. Watoto wakalipa.

Nje ya nchi yetu hali ni hiyo hiyo. Mwezi Agosti 2014 huko Arizona, Marekani, katika uwanja wa shabaha wa kulipia, msichana wa miaka tisa alipewa bunduki inayofyatua mfululizo. Ikamzidi nguvu, ikainuka, ikamuua mkufunzi aliyesimama ubavuni pake. Oktoba 2021 huko New Mexico, mwigizaji wa filamu aliambiwa kuwa bastola aliyoishika ni salama. Ikatoka risasi ya kweli na kumuua mpiga picha mkuu. Na Julai 2007, Iraq ilipotwaa Kombe la Asia, risasi zilizorushwa angani kwa furaha zilirudi na kuua watu mjini Baghdad. Kila kinachokwenda juu hushuka.

JE, HII NI KADARI?

Ndugu zetu, hapa ndipo lilipo jambo lililotufanya tusimame mbele yenu. Ikitokea mtu ameuawa kwa gobore la mwenzake, tunasikia nini msibani? Ajali haina kinga. Siku yake ilikuwa imefika. Imeandikwa. Kisha tunazika, tunasoma dua, na wiki inayofuata gobore lile lile linarudi nyuma ya mlango, limejazwa.

Tunaamini kadari, kheri yake na shari yake. Hiyo ni nguzo ya imani. Lakini kadari ni faraja ya aliyefikwa na msiba. Si hoja ya kujitetea kwa aliyeusababisha. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Tirmidhi, alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo amtegemee Mola wake. Na Umar bin al-Khattab (r.a.) alipokataa kuliingiza jeshi katika nchi yenye tauni na akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alieleza kwamba anaitoka kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Tahadhari nayo imo katika kadari.

Linalovunja hoja ya wazembe kabisa ni tukio la Uhud. Katika mchafuko wa vita, Waislamu walimuua kwa makosa al-Yaman, mzee wa Kiislamu, baba yake Hudhayfa (r.a.), huku mwanawe akipaza sauti kuwa huyo ni baba yake. Hawakumtambua. Hudhayfa akawaombea maghfira. Lakini Mtume (s.a.w.) hakusema kuwa imeandikwa, basi yamekwisha. Wanahistoria wa Sira wanatueleza kuwa alitaka kutoa diya, naye Hudhayfa akaitoa sadaka kwa Waislamu. Hao walikuwa vitani, katika vumbi na mapanga. Sisi tuko shambani na nyumbani. Udhuru wetu uko wapi?

Hukumu ya kuua kwa makosa imo katika Surat an-Nisaa, aya ya 92: kumwacha huru mtumwa muumini, na kuwapa diya jamaa wa marehemu isipokuwa wakisamehe, asiyepata mtumwa afunge miezi miwili mfululizo. Zama zetu hakuna watumwa, basi inabaki saumu. Na lieleweke vyema: warithi wakisamehe, diya huondoka, lakini kafara haiondoki, kwa kuwa hiyo ni haki ya Allah. Wangapi miongoni mwetu wameua kwa uzembe na hawajafunga hata siku moja, kwa sababu walipokuwa msibani tuliwaambia ni bahati mbaya?

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 195, inahesabu kifo kilichotokana na uzembe wa kiwango cha jinai kuwa ni kuua bila kukusudia, na adhabu yake huweza kufikia kifungo cha maisha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haimruhusu mtu kumiliki silaha bila leseni, na gobore la kuundwa kienyeji si la kuachwa nje ya hesabu hiyo.

TUFANYE NINI?

Kwanza, asiye na leseni aisalimishe silaha yake. Serikali imekuwa ikitoa muda wa kusalimisha kwa hiari bila kushitakiwa, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba 2023. Atakayeogopa kwenda peke yake atafute mtu mzima wa kumsindikiza, au amwone imamu wake.

Pili, mwenye leseni asiiingize nyumbani silaha iliyojazwa. Kupoteza baruti ya usiku mmoja ni nafuu kuliko kupoteza mtoto. Silaha ifungiwe, na baruti na risasi ziwekwe mbali nayo, na mbali na moto.

Tatu, wanaolinda mashamba waambiane kabla ya jua kuzama nani yuko dungu lipi, na anayetembea usiku awashe tochi na aite. Asiyeona asifyatue.

Nne, wazazi na waalimu wa madrasa tuwafundishe watoto: ukiona silaha au chuma usichokijua, usiguse, ondoka, mwite mtu mzima.

Tano, tukimwona mtu anamwelekezea mwenziwe mtutu, tumkataze hapo hapo, awe kijana, awe mzee, awe mgambo au mgeni tajiri. Huko ni kukataza maovu, na si utovu wa adabu.

Sita, msiba wa namna hii ukitokea, imamu awakumbushe wahusika diya na kafara kwa upole, baada ya mazishi, wala asinyamaze kwa kuona haya.

Tunamuomba Allah (s.w.) azihifadhi nafsi zetu na za watoto wetu, awarehemu waliotangulia, awape subira wafiwa, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia maneno na kuyafuata yaliyo mazuri zaidi. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.