Maji ya Sigara ya Umeme: Leta Ikataze ao Ipime?

Leo tuongee juu ya kichupa kidogo, kinene kama kidole. Kina harufu ya embe ao ya bonboni. Ni maji ya kutia ndani ya sigara ya umeme. Labda haujakiona bado. Ni vizuri kukijua mbele hakijaingia nyumbani mwako.

Ndani kuna nini? Kuna glisarini, propileni glikoli, harufu za kutengenezwa, na mara nyingi nikotini. Nikotini ni ile sumu ya tumbako inayofunga mtu asiweze kuacha. Batri inapasha maji moto, yanageuka mvuke, mtu anavuta. Hakuna majivu. Kwa hiyo watu wanasema: «Hii haina mubaya.»

Neno hilo ni kweli nusu tu. Mvuke hauna lami ya moshi wa tumbako, na huko Uingereza waganga wanasaidia wavutaji waache sigara kwa njia hii. Lakini kijana asiyevuta kitu hana cha kuacha. Yeye anaanza tu.

Tena, kuna hatari ya kunywa. Mwaka 2014, katika jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alikufa kwa kumeza nikotini ya maji. Kisha, mwaka 2016, serikali ya Marekani iliweka sheria ya kifuniko kisichofunguliwa na mtoto. Unaona? Mtoto alitangulia, sheria ikafuata.

Sasa, Leta yetu ifanye nini? Jirani yetu Uganda, kwa sheria ya mwaka 2015, alikataza kabisa kuingiza na kuuza sigara za umeme. Umoja wa Ulaya, mwaka 2014, ulichagua kupima: nikotini isipite miligramu 20 katika mililita 1, chupa isipite mililita 10, kifuniko kiwe kigumu kwa mtoto, na vitu vyote viandikwe. Hata chupa hiyo ikijaa ina miligramu 200. Kijiko kimoja kinaweza kuua mtoto mdogo.

Kukataza ni rahisi kuandika. Lakini sisi wa Beni tunajua barabara ya Kasindi. Vitu vingine vinapita duane, vingine vinapita kando ya duane. Chupa iliyopita usiku haina maandiko. Mtoto akiinywa, munganga hajui amekunywa nini.

Utaniuliza: «Leta isiyoweza kukataza, itaweza kupima namna gani?» Ulizo lako ni la haki. Basi tuombe kwanza mambo matatu ambayo hata mama sokoni anaweza kuona kwa macho yake:

1. Chupa iwe na kifuniko kigumu kwa mtoto.
2. Iandikwe vitu vyote vilivyo ndani na kipimo cha nikotini, kwa Kifaransa na Kiswahili.
3. Isiuziwe mtoto, wala isiuzwe karibu na masomo.

Chupa isiyo na hayo, itolewe sokoni. Mashini ya kupima inaweza kuja nyuma.

Lakini usingojee Leta. Ndani ya nyumba yako, wewe ndiwe Leta. Weka chupa juu, tena ufunge. Usiitie ndani ya chupa ya soda. Ikimwangikia mtoto, vua nguo, osha ngozi kwa maji mengi, maana nikotini inapita ngozi. Akiwa ameimeza, usimlazimishe kutapika. Akitapika mwenyewe, akitoka jasho, akigeuka mweupe ao akitetemeka, ni sumu inayotenda kazi. Usingojee dalili hizo: mbio hospitali, na chupa uibebe mkononi. Ile karatasi iliyo juu yake ndiyo itamwambia munganga neno la kwanza. Kama haina karatasi, utafahamu siku hiyo kwa nini tuliomba sheria.