SUNGURA ANA SAA ZAKE
(Mazungumzo kuhusu ufugaji)



Leo tuzungumze juu ya sungura wa kufuga. Hapa kwetu Mbeya na Iringa wako wenzetu wanaomfuga kwa ajili ya kitoweo, fedha kidogo na mbolea ya bustani. Lakini tunasikia malalamiko. Mmoja anasema, "Sungura wangu amelala tu mchana kutwa." Mwingine anasema, "Jike langu limezaa lakini halinyonyeshi." Basi mtu anakata tamaa, anachinja jike lisilo na ugonjwa.

Kosa liko wapi? Tunamtazama sungura kwa saa zetu, wala si kwa saa zake.

Sungura tunayemkurupusha shambani hachimbi shimo. Mchana hujibanza kwenye majani, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi. Sungura wa bandani ni wa ukoo mwingine. Asili yake ni sungura mwitu wa Uhispania na nchi jirani, anayeishi ndani ya mashimo. Watoto wake huzaliwa uchi, na macho hufumbuka baada ya siku 10 hivi.

SIKU YA SUNGURA

Mchana sungura hupumzika. Jua likizama huanza kula, na huendelea usiku mpaka alfajiri. Kwa hiyo chakula kingi tumpe jioni, kama saa 12. Maji yawepo usiku kucha.

Tukimwona mchana akiinama na kula kinyesi chake laini, tusishtuke. Si ugonjwa. Anakirudisha tumboni ili apate nguvu ya chakula iliyobaki.

Na mama je? Porini mama hakai na watoto, maana akikaa nao adui atajua walipo. Huwanyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa kawaida usiku au alfajiri, dakika 3 hadi 5, halafu huondoka. Bandani anafanya vilevile. Asubuhi tuwakague watoto kwa mikono safi. Tumbo likiwa limejaa na wametulia, wamenyonya. Tumbo likisinyaa, ngozi ikakunjamana na wanahangaika, hawajapata maziwa.

MWAKA WA SUNGURA

Huko Ulaya sungura mwitu huzaa zaidi siku zinaporefuka na majani yanapochipua. Kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana. Kinachotutawala sisi ni majani, baridi na joto.

Wakati wa mvua majani ni tele, lakini yana maji. Tuyakate, tuyanyaushe kivulini kwanza. Mvua zikielekea kwisha tukaushe nyasi na kuweka akiba ya kiangazi.

Mwezi wa Juni na Julai, Mufindi na milima ya Uporoto hupata baridi kali. Sungura mkubwa ana manyoya yake, lakini kichanga hana nguo. Akitoka nje ya kiota usiku anaweza kufa kabla hakujapambazuka. Lazima liwepo sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu. Mama atanyofoa manyoya yake na kuongezea.

Wenzetu wa mabonde ya joto, kama Kyela na Pawaga, wana kazi nyingine. Sungura hapozi mwili kwa jasho kama sisi. Joto likipita nyuzi 30 anateseka, na dume huweza kushindwa kutia mimba. Tumpe kivuli, upepo na maji ya kutosha.

KALAMU ISAIDIE

Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi. Tukipandisha jike mwanzoni mwa Mei, atazaa mwanzoni mwa Juni, baridi ikiwa imeingia. Basi tuandike tarehe kwenye daftari. Jike aliyepandishwa tarehe 1 Machi awekewe sanduku tarehe 29 Machi. Atazaa karibu na tarehe 1 Aprili. Asiyeandika atakuta vichanga vimekufa sakafuni, aseme amelogwa.

Ndugu zangu, tulijifunza kusoma ili maisha yetu yabadilike. Daftari moja tu linaweza kuokoa uzao mzima.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini tumpe sungura chakula kingi jioni?
2. Tutajuaje kuwa watoto wamenyonya?
3. Jike akipandishwa tarehe 10 Agosti, sanduku liwekwe lini?