Mkopo wa Bodi: Tusiuogope, Tusichelewe



Kila mwaka wazazi wanatuuliza kama mkopo wa elimu ya juu utachukua shamba. Bodi ya Mikopo haidai hati ya shamba, inataka mdhamini. Kijana akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: mwenye 800,000 hukatwa 120,000 kila mwezi. Si kidogo, tusidanganyane. Lakini ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi kama zamani.

Kinachowaangusha watoto wetu ni makaratasi. Cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA, fomu haina saini ya mdhamini wala muhuri wa serikali ya kijiji, ada ya maombi ya shilingi 30,000 haijapatikana, na dirisha linafungwa. Kijana mwenye sifa anabaki nyumbani kwa sababu ya muhuri!

Tunaomba sehemu ya michango ya leo ilipie ada, uhakiki na nauli ya kufika penye mtandao. Na anayeweza kukaa na kijana mmoja wakajaza fomu pamoja, ajiandikishe kwa mweka hazina kabla hatujatawanyika.