Ruta Ikijibadilisha Yenyewe, Kikundi Kiwe Macho

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Yasomeni pamoja kikundini, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.)

 

Nimeombwa niseme juu ya intaneti ya vikundi. Sikuja kuwaambia kwamba intaneti ni nzuri, hilo mnalijua. Kikundi kikiwa nayo, mwekahazina anaangalia malipo ya wanachama, kijana anaomba cheti cha tabia njema kwa eCitizen, na ikikaribia 30 Juni watu wanapanga foleni ofisini kujaza ritani za KRA. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo moja linaloweza kusimamisha kazi hizo zote asubuhi moja: ruta inapobadilisha programu yake yenyewe, bila kuuliza mtu.

Ruta za meshi ni nini?

Vikundi vingi vina nyumba zaidi ya moja. Kuna ofisi, kuna posho mill, kuna shule ya chekechea. Ruta moja haifiki kote. Kwa hivyo watu wananunua ruta za meshi, ambazo ni mbili au tatu zinazofanya kazi kama jamaa moja. Moja ndiyo mama, inapokea intaneti kutoka kwa kampuni. Zile zingine ni watoto, zinapokea kutoka kwa mama, mara nyingi kwa hewa bila waya, na kugawia watu walio karibu.

Ndani ya kila ruta kuna programu inayoiendesha. Kampuni iliyotengeneza ruta huirekebisha programu hiyo mara kwa mara, kisha inatuma mpya kwa intaneti. Hiyo ndiyo watu wanaita apdeti. Ruta nyingi za meshi zinauzwa zikiwa zimepangwa tayari kujichukulia apdeti, kwa kawaida saa za usiku watu wakiwa wamelala.

Basi si tuizime tu?

Mtu atauliza, kama inaleta shida, kwa nini tusiizime? Ndugu zangu, ninyi ni wafugaji. Ng'ombe asipopelekwa josho, kupe hawangoji. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba wahalifu walikuwa wameingiza programu mbaya, iliyoitwa VPNFilter, katika ruta na vifaa kama hivyo visivyopungua 500,000, katika nchi zisizopungua 54. Programu hiyo iliweza kuiba maneno ya siri na hata kuua kifaa kabisa. Njia moja iliyotumiwa ni makosa ya zamani ambayo yalikuwa yanajulikana na hayakuzibwa. Ruta ya kikundi inapitisha habari za pesa za wajane na za watoto wa shule. Kuiacha bila dawa si akiba.

Lakini pia dawa huweza kudhuru. Mwezi wa Mei 2023 ruta nyingi za kampuni ya ASUS zilikatika intaneti katika nchi mbalimbali. Kampuni ilieleza kwamba kulikuwa na kosa katika faili ya mipangilio iliyotoka kwa kompyuta zake. Wengi walipona kwa kuzima na kuwasha ruta. Na Februari 2017 baadhi ya ruta za Google Wifi, ambazo ni za meshi, zilijifuta mipangilio yote kwa sababu ya hitilafu ya upande wa kampuni. Wenyewe walilazimika kuanza upya kama siku ya kwanza. Mnaona? Kosa lilifanyika mbali, lakini kazi ya kulitengeneza ilimwangukia mwenye nyumba.

Hasara inatokea wapi kwetu?

Kwanza ni stima. Ruta inapoandika programu mpya ndani yake, stima ikipotea katikati, kazi inabaki nusu. Ruta zingine zinahifadhi programu ya zamani na kurudi kwayo. Zingine hazina akiba hiyo, na haziwaki tena. Hapa kwetu stima hupotea bila hodi. Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani.

Pili ni ile desturi yetu ya kuzima kila kitu jioni ili tuhifadhi betri ya sola. Ni desturi nzuri, lakini ruta iliyozimwa haiwezi kujisasisha usiku. Nyingine itaanza asubuhi ikiwashwa, wakati foleni imeshajaa. Mtu anaona intaneti imekatika na taa inawaka na kuzima, anachomoa waya. Hapo ndipo anaiharibu.

Tatu ni mama na watoto kupishana. Mama amepata programu mpya, mtoto aliye mbali kule posho mill hakupata kwa sababu mawimbi ni dhaifu. Sasa wanaongea lugha mbili. Ofisini intaneti iko, kule hakuna, na watu wanaanza kulaumiana.

Nne ni simu za zamani. Baada ya apdeti, ulinzi wa ruta unaweza kubadilika, na simu au printa ya zamani ikakataliwa. Mwanachama anafikiri amefungiwa kwa sababu hajalipa mchango! Ugomvi wa kikundi unaweza kuanza kwa jambo dogo hivyo.

Kikundi kifanye nini?

1. Chagueni watu wawili wa kutunza ruta, mmoja awe kijana na mwingine mtu mzima asiyehamahama. Mkimtegemea kijana mmoja, siku akipata kazi Nairobi ameondoka na ufunguo.

2. Andikeni kwa daftari, si kwa simu ya mtu: jina la waifai, maneno ya siri, akaunti iliyosajili ruta, na habari za kuunganisha mlizopewa na kampuni ya intaneti. Daftari likae ndani ya sanduku la pesa. Kama ruta inaruhusu kuhifadhi nakala ya mipangilio, ihifadhini.

3. Msizime apdeti. Fungueni programu ya ruta kwenye simu, mwangalie kwanza kama saa yake ni ya Kenya, kisha mchague saa inayofaa. Kama mnazima usiku, tengeni alasiri moja kila mwezi, isiyo siku ya mkutano wala ya malipo, mbonyeze wenyewe kutafuta apdeti. Ruta zingine hazikupi nafasi ya kuchagua saa. Hizo ziacheni zimewaka usiku mmoja kwa wiki.

4. Siku hiyo hakikisheni betri imejaa. Ruta inatumia stima kidogo, kwa hivyo hata betri ndogo ya akiba itaivusha salama.

5. Taa ikiwaka na kuzima, kaeni mbali nayo. Subirini nusu saa. Bandikeni karatasi ukutani: USICHOMOE.

6. Mtoto akikosa kurudi, zimeni na kuwasha mama kwanza, kisha mtoto. Akikataa bado, mlete karibu na mama, ikiwezekana mumuunganishe kwa waya, ajaribu tena apdeti.

7. Simu ikikataliwa, ifuteni waifai hiyo kwenye simu na kuingiza neno la siri upya. Ikikataa bado, fundi aangalie kama ruta imewekwa ulinzi wa WPA3 peke yake. Kuna mpangilio wa kuchanganya na WPA2.

8. Kile kitundu kidogo cha kubonyeza kwa sindano ni cha mwisho kabisa. Kinafuta kila kitu. Kama daftari halipo, msikiguse.

9. Mkinunua ruta, hasa ya mitumba, ulizeni kama kampuni bado inaitengenezea apdeti. Ruta iliyoachwa na kampuni yake ni rahisi siku ya kununua tu.

Ndugu na dada, wengi wenu mnakumbuka majosho yaliyoachiwa wananchi, mengi yakakauka. Saruji ilikuwa nzuri na maji yalikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kununua dawa na kuandika siku. Ruta yenu nayo itaendelea kupokea amri kutoka kwa kampuni iliyo mbali. Hilo hatuwezi kulizuia. Lakini mlango ukibishwa, kuwe na mtu nyumbani.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Nani anajua neno la siri la akaunti ya ruta yetu? Akihama, tutafanya nini?
- Tunazima ruta saa ngapi, na apdeti imepangwa saa ngapi?
- Intaneti ikikatika siku ya malipo, mwekahazina ataandika wapi?