Hadithi Kabla ya Kulala

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6 tunaagizwa kuwafundisha watoto wetu tukiwa nyumbani, tukiwa njiani, hata saa ya kulala. Huku kwetu Kakamega saa hiyo ilikuwa ya kukhu: moto jikoni, watoto mkekani, sungura akimdanganya fisi. Siku hizi wengi wetu tumeiachia simu.

Tusidhani ulikuwa mchezo tu. Mtoto aliyesikia hadithi mara kumi hulijua neno kabla halijatamkwa. Akilikuta kitabuni, hulitambua kama jirani. Vile vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu, ambavyo wengi wetu tulianzia, viliandikwa kwa lugha za nyumbani.

Lakini kukhu mwingine hukataa, akisema, "Mimi sikusoma." Kukhu, simulia tu. Kesho mjukuu mkubwa aiandike daftarini, kwa Kiluhya, kama ulivyosema wewe, na usiku mdogo aifuate kwa kidole. Mafuta ya taa yakiwa haba, ukurasa mmoja watosha. Naye akiomba ile ile ya jana, tumpe ile ile ya jana.