Nyumba Iuzwe Mwezi Gani?



Mwenye nyumba akimuuliza dalali mwezi mzuri wa kuuza, dalali atajibu Desemba bila kufikiri mara mbili. Hajakosea. Kaskazi ikianza kuvuma bahari huwa shwari, wageni hujaa Malindi na Watamu, na jamaa wanaofanya kazi Nairobi na ng'ambo huwa wamerudi kuona wazee. Nyumba hutazamwa na watu wengi. Lakini kutazamwa si kununuliwa.

Kwa desturi, mnunuzi hulipa asilimia 10 siku ya kutia sahihi mkataba, na salio hulipwa ndani ya siku 90, uhamisho unapokamilika. Anayetia sahihi katikati ya Desemba atarajie pesa zake katikati ya Machi. Mzazi anayeuza ili alipe karo ya Januari atakuwa amechelewa, na hapo ndipo hasara inapoingia. Shule zinafunguliwa, mkataba haujaiva, na mtu mwenye pesa taslimu anajitokeza na bei ya kutupa. Mwezi huo, ambao Wakenya wameubandika jina la Njaanuari, wenye shida ya kuuza ni wengi na wenye pesa ni wachache. Familia imeponea karo, imebaki bila nyumba na bila thamani ya nyumba.

Kwa hiyo anayezihitaji pesa Januari anapaswa kuwa na mkataba uliotiwa sahihi kufikia mwanzo wa Oktoba. Stakabadhi zianze kutafutwa Julai au Agosti, maana ndizo hula muda. Kodi ya ardhi ilipwe ili kaunti itoe cheti cha kutodaiwa. Deni la miaka kadhaa, pamoja na riba yake, halimalizwi kwa siku moja. Mume au mke lazima akubali kwa maandishi ikiwa ni nyumba ya ndoa. Shamba linahitaji kibali cha bodi ya usimamizi wa ardhi, na ombi lisipopelekwa ndani ya miezi 6 tangu kufanyika kwa mapatano, mapatano hayo yanabatilika.

Nyumba iliyoachwa na marehemu ni habari nyingine kabisa. Chini ya Sheria ya Urithi, msimamizi wa mirathi kwa kawaida husubiri miezi 6 tangu kupewa hati ya usimamizi kabla ya kuomba mahakama iithibitishe. Kabla ya uthibitisho huo, haruhusiwi kuuza nyumba wala kiwanja. Ndugu wanaogombania kama iuzwe Agosti au Desemba, ilhali hakuna aliyefika mahakamani, wanapoteza pumzi.

Je, masika? Kuanzia Aprili hadi Juni watazamaji hupungua, barabara za ndani huwa tope, na paa la makuti lililochoka hujitangaza lenyewe. Hata hivyo, mtu anayevaa gambuti kuja kuona nyumba wakati wa mvua huwa na nia, na nyumba zinazoshindania macho yake ni chache. Mwenye paa zima na mtaro unaopitisha maji hana sababu ya kuuogopa Mei. Mwenye paa bovu aezeke upya kabla ya Machi kuisha. Rangi mpya haisaidii sana; chumvi ya ukutani huitoboa mapema.

Jambo la mwisho halihusu mwezi bali miaka, na wengi huligundua baada ya kuuza. Tangu Januari 2023, kodi ya faida itokanayo na mauzo ya mali ni asilimia 15 ya faida hiyo, na mlipaji ni muuzaji. Aliyeishi katika nyumba yake mfululizo kwa miaka 3 iliyotangulia uhamisho husamehewa kodi hiyo. Anayepanga kuhamia Mombasa, aipangishe nyumba ya Mtwapa kwa muda, kisha aiuze bei ikipanda, aweke asilimia hiyo kwenye hesabu zake kabla ya kumkabidhi mpangaji funguo. Huenda kuuza akiwa bado anaishi humo kukampa zaidi, hata kama ni mwezi wa mvua.