Jicho Linalosukumwa Nje: Picha Kwanza, Kisu Baadaye



Leo tunazungumza juu ya jicho linalosukumwa nje polepole. Mgonjwa hana homa wala maumivu makali, lakini kuona kunapungua. Jirani wanasema ni uchawi, ao wanatafuta mtu wa kukata. Sherti tujue kwanza ni nini iko kule nyuma.

Nyuma ya jicho kuko mshipa wa kuona. Si mshipa wa damu. Ni kama kamba inayopeleka habari kwa ubongo, nayo imefunikwa na ganda. Uvimbe unaoota ndani ya kamba yenyewe tunauona zaidi kwa watoto wa chini ya miaka 10. Wengine wao wako na madoa mengi mwilini, rangi ya kahawa yenye maziwa. Basi mvue mtoto nguo, utazame! Uvimbe wa ganda unashika zaidi wamama wa makamo.

Radio ya kawaida inaonyesha mifupa, si mshipa. Skaneri inaonyesha mifupa na chokaa iliyo ndani ya uvimbe, lakini inatumia miale. Kwa mtoto isipigwe ovyo. IRM inatumia sumaku, nayo inaonyesha mshipa kuliko zote. Katika uvimbe wa ndani, kamba yenyewe imenenepa kama kiazi kitamu. Katika uvimbe wa ganda, mgonjwa akiisha kudungwa dawa ya picha, ganda linang'aa pande mbili na kamba nyeusi inapita katikati, kama reli. Munganga akiona hivyo, mara nyingi hana lazima ya kukata kipande cha kupima. Ni heri, maana kisu pale kinaweza kupofusha jicho ambalo lingali linaona.

Kituoni hatuna mashine hizo, lakini kazi iko. Funika jicho moja, mgonjwa ahesabu vidole. Mwonyeshe kizibo chekundu, jicho moja moja. Mshipa ukiumia, wekundu unafifia. Andika yote katika barua ya kumtuma. Jicho likifura ghafula pamoja na homa, hiyo ni habari nyingine: anza antibiotiki na umtume leo leo. Uvimbe wa mtoto unaokua kwa siku chache usingojewe pia.

Tena, mbele ya IRM uliza: "Mama, uko na chuma mwilini?" Fundi wa kuchomea anaweza kuwa na kachembe ndani ya jicho, wengine kwetu wako na kipande cha bomu. Sumaku inaweza kukisogeza. Hapo ile radio ya kawaida inapata kazi: inapigwa kwanza, chuma kionekane.